Mlango wa Mbao Mbichi

Sikuomba ruhusa ya mtu kuwa seremala, na sikuiomba siku nilipomng'olea mama mlango wa nyumba yake.

Kwetu, boma jipya likifunguliwa, nyumba husimama siku moja na mwenyewe hulala humo usiku huohuo. Mama alikuwa mjane, kwa hiyo ujenzi ulisimamiwa na baba mdogo. Mimi nina karakana yangu Migori mjini, na nilikuwa na mbao nilizozipanga darini zikauke tangu mwaka uliotangulia. Baba mdogo alizikataa. Akaleta mbao za mkaratusi zilizopasuliwa jana yake, zinatoa maji kila msumari unapoingia.

"Zitanywea," nikamwambia.

"Mbao ni mbao. Hii mambo ya kukausha umetoa wapi? Na tangu lini msichana akawekea boma mlango?" Akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, nikasema moyoni, tutaona ni guu la nani.

Niliokota kipande cha ubao uleule, nikakiegemeza ukutani jikoni kwa mama, nikachora upana wake ukutani kwa mkaa. Ubao ukikauka urefu haubadiliki sana. Upana ndio unaoliwa. Kila nilipomtembelea mama nilikirudisha kwenye alama. Kufikia Januari kilikuwa kimeiacha kwa upana wa kidole. Mlangoni nako, kati ya ubao na ubao, ungepitisha kijiko, na wapita njia walimwona mama akivaa. Hakulalamika. Alitundika leso kwa ndani, na leso ile ndiyo iliyonichoma.

Nilifika na mlango wangu juu ya bodaboda, mchana kweupe, baba mdogo akiwa uani anakunywa uji. Nikampa kile kipande akipime mwenyewe.

Akakigeuzageuza. "Jua ya mwaka huu ni kali sana."

"Jua ni lilelile, baba," nikamjibu, nikaanza kufungua bawaba.

Hakunisaidia, wala hakunizuia. Nilipomaliza, mama aliingia, akaitoa leso, akafunga, akakaa humo. Baba mdogo alingoja weee, kisha akainuka kwenda kubisha.

"Ni nani?" mama akauliza.

Miezi yote ile hakuwa na haja ya kuuliza. Kwa kusogeza leso tu, alimwona aliyesimama nje kupitia nyufa. Baba mdogo akanitazama, akakohoa, akajitaja jina.