Nilivyofunzwa Kukuza Mitende Penye Sakitu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa madebe mawili na kata moja, nikaonyeshwa bomba la maji na miche minane ya mitende, nikaambiwa nimalize kabla jua halijashuka. Ilikuwa mwezi wa Januari, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika shamba moja la ng'ombe kati ya Gilgil na Elementaita. Mume wangu Petro, aliyekuwa kibarua wa reli pale Nakuru, alikuwa amepata kazi ya kuendesha trekta hapo, na mimi nikamfuata. Sisi ni watu wa Maragoli. Kwetu mvua haimnyimi mtu. Pale nilikuta vumbi jeupe, nyasi kavu zenye rangi ya simba, na upepo uliopasua midomo.

Vijana wakisikia neno mtende hufikiria joto. Sehemu ile mchana ilikuwa na jua kali kweli, lakini kwenye miezi mikavu, mbingu zikikesha bila wingu, asubuhi tulikuta nyasi zimekuwa nyeupe. Hiyo ndiyo sakitu, umande ulioganda. Migomba haikuweza kuishi pale, wala mipapai. Memsahib, mke wa mwenye shamba, alikuwa amelelewa Misri, na alitaka mitende mbele ya nyumba yake hata iweje. Ndugu yake alimtumia kwa posta mbegu za aina mbili. Ya kwanza tuliiita mtende wa Kichina, mti wenye shina lililovaa manyoya na majani kama vidole vilivyokunjuliwa. Ya pili ni mtende wa buluu, wenye majani ya rangi ya majivu, unaotoka jangwa la mbali. Yote miwili huvumilia baridi. Lakini kuvumilia si kupenda.

Mkuu wa bustani alikuwa Mzee Kariuki. Cheo chake kiliitwa headi. Siku ile hakuwepo, alikuwa amempeleka mke wake zahanati, na aliyenipa madebe alikuwa nyapara wa ng'ombe, ambaye hakujua lolote kuhusu mitende. Nikaona majani yamejaa vumbi. Nikasema moyoni, nikianza kazi na nionekane mwenye bidii. Nikamwagia kila mche maji kuanzia juu, mpaka majani yakang'aa. Jua lilikuwa linashuka.

Asubuhi Mzee Kariuki alinikuta nimesimama pale. Katikati ya kila mche palikuwa na barafu, nyembamba kama kioo cha taa.

"Nani alimwaga maji kwa kichwa?" akauliza.

"Ni mimi, Mzee. Ilikuwa na vumbi."

"Hakuna mtu alikuambia?"

"Hapana."

"Basi tungoje," akasema.

Mtende una moyo mmoja tu, juu kabisa, pale linapochomoza jani jipya lililojifunga kama mkuki. Mti mwingine ukikatwa kichwa hutoa matawi ubavuni. Mtende ukifa moyo, umekufa. Baada ya wiki mbili Mzee Kariuki alinionyesha namna ya kupima: unashika ule mkuki kwa vidole viwili na kuvuta taratibu. Ukikataa, moyo uko hai. Kwenye miche mitatu mkuki ulitoka bila kubisha, kama jino la mtoto lililolegea, na chini yake palinuka uozo.

Memsahib alikuja akiwa amevaa kofia yake ya majani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha masetla.

"Nani naua hii?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno Mzee Kariuki akasema, "Ni mimi, Memsahib. Mimi ndiye headi."

Siku hiyohiyo aliondolewa kwenye bustani ya nyumba, akapelekwa chini kwenye kitalu cha mboga kulima kabeji kama kibarua wa jana. Cheo kikabaki wazi. Mimi niliachwa juu na miche mitano.

Saa ya chakula nilimfuata. Nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Aliendelea kung'oa magugu.

"Mama, wewe ungefukuzwa leo, na bwana yako pia. Mimi, akinihitaji, atajua nilipo. Lakini ujifunze sasa. Nisiwe nimepoteza bure."

Hivyo ndivyo nilivyoingia shule. Kwa karibu miaka miwili, kila saa ya chakula nilishuka kwenye kabeji na swali, nikapanda na jibu. Alinifunza kumwagilia asubuhi tu, na chini tu, kwa sababu udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana lakini maji kwenye moyo ni kifo. Alinifunza kupanga mawe meusi kuzunguka shina ili yanywe jua na kulirudisha usiku. Msimu wa sakitu tulikusanya majani juu, tukayafunga kwa kamba ya mkonge na kuyavisha gunia, kisha asubuhi tunafungua ili mti upumue. Mkuki ulioanza kulegea tuliutibu kwa mrututu, ile chumvi ya buluu, uliochanganywa na chokaa. Mbegu nazo ni ngumu kama kokoto. Tuliziloweka siku saba, tukazifukia kwenye masanduku yenye unga wa mbao uliokuja kwa lori kutoka viwanda vya Elburgon, na masanduku tukayaweka nyuma ya jikoni, karibu na pipa la kuchemshia maji ya kuoga. Kwa joto la pipa lile zilichipua, nyingine baada ya miezi mitatu, nyingine baada ya sita. Kazi hii haina haraka.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na Mau Mau. Wakikuyu waliondolewa mashambani, shamba baada ya shamba. Asubuhi waliyokuja kwetu, lori lilisimama karibu na boma la ng'ombe na familia zikaambiwa zipande na kile zinachoweza kubeba. Mzee Kariuki alikuwa na mke wake, blanketi mbili na sufuria. Nilikwenda kumsaidia kupandisha mzigo. Askari alikuwa anahesabu watu.

"Sikia," Mzee akaniambia. "Shida iliyobaki si maji. Ni ule ua."

Bustani ilikuwa kwenye mteremko, na upande wa chini palikuwa na ua mnene wa miti ya misedari uliopandwa na baba yake Bwana, mwenye shamba.

"Baridi inatembea kama maji," akasema. "Inashuka, inafika kwa ua, inakosa njia, inakaa hapo kwa mitende. Nilimwambia Bwana mara mbili. Mwambie ya tatu."

Lori likaondoka. Sikujua kama nitamwona tena.

Bwana alikuwa mtu mrefu aliyewahi kuwa mwanajeshi, na hakuzoea kuambiwa jambo na mwanamke wa madebe. Nilipomweleza habari ya ua alicheka. "Baridi hapana miguu," akasema. Ua ule ulizuia upepo, na zaidi ya hapo ulikuwa wa marehemu baba yake.

Nilifikiria siku kadhaa. Halafu asubuhi moja tulivu, nyasi zikiwa bado nyeupe, nikawasha moto wa majani mabichi upande wa juu, nikaenda kwenye veranda kumwita. Alitoka na kikombe chake cha chai. Moshi haukupanda. Ulilala chini, ukashuka mteremko polepole kama kondoo wanaorudi zizini, ukafika kwenye ua, ukajaa pale. Mitende mitano ikafunikwa mpaka haionekani. Bwana alitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Kata," akasema. "Lakini mlango moja tu."

Tulikata mlango wa upana wa mkokoteni, pale chini kabisa. Januari iliyofuata ilikuwa na sakitu mbaya kuliko zote nilizoziona. Viazi vya jirani viliungua vyote. Mitende ilipoteza ncha za majani tu. Nilipovuta mikuki, yote mitano ilikataa.

Memsahib alinipa cheo cha headi. Nyapara wa ng'ombe alinung'unika mbele ya watu: "Mwanamke kuwa headi? Nani atamsikia?" Bwana alikuwa anapita na farasi wake. "Mitende nasikia yeye," akasema, akaenda zake.

Karibu na mwisho wa miaka hiyo ya hamsini, watu walipoanza kuruhusiwa kurudi, Mzee Kariuki alitokea asubuhi moja mlangoni pa Memsahib. Alikuwa amekonda, mkono mmoja haukunyooka vizuri, na hakutaka kueleza kwa nini. Aliomba kazi yoyote. Memsahib alimtazama, akamkumbuka.

"Huyu naua mitende yangu. Mimi hapana taka yeye."

Mzee alivua kofia, akageuka aende. Sitasema nilikuwa shujaa. Nilifikiria watoto wangu wanne, nyumba tuliyopewa na shamba, na kazi ya Petro. Nilifikiria haraka sana, kisha nikasikia sauti yangu.

"Memsahib, si yeye. Ni mimi niliyemwaga maji. Yeye hakuwepo."

Memsahib alinigeukia. "Miaka yote hii hapana sema?"

"Ndiyo, Memsahib. Niliogopa."

Alimwangalia Mzee Kariuki. "Wewe sababu gani nasema uwongo?"

"Nilikuwa headi," Mzee akajibu. "Mtu wangu akikosa, nimekosa."

Memsahib aliingia ndani, akafunga mlango. Tulisimama pale mlangoni sisi wawili. Niliona siku yangu imefika. Alipotoka alikuwa na ile kofia yake ya majani kichwani. Alimwambia Mzee aanze Jumatatu, na arudi kwenye cheo chake. Mimi nikasema sawa, ni haki yake. Ni Mzee mwenyewe aliyekataa.

"Hii bustani inajua mkono wake sasa," akasema. "Mimi nitamfuata."

Alifanya kazi chini yangu mpaka shamba lilipouzwa. Kila asubuhi aliuliza, bila mzaha wowote, "Headi, leo tunaanza wapi?" Mwanzoni nilishindwa kumjibu nikimtazama usoni. Alinizoesha.

Baadaye nilitunza bustani ya shule moja kule Njoro, chini ya walimu wakuu watatu. Wa kwanza alipenda maua, wa pili aliniachia uhuru, wa tatu alinipa cheti cha kustaafu na maneno mazuri. Leo niko Kabazi na magoti mabaya. Vijana wanaokuja kutaka miche huniuliza mtende una faida gani, maana hii yangu haizai tende, haina kuni, haina kivuli cha maana. Huwaambia waweke mawe, wamwagilie asubuhi, waiachie baridi njia ya kupita, halafu wangoje. Faida yangu mimi niliipata mapema.

Mzee Kariuki alikufa akiwa kwa watoto wake, kitandani, akiwa mtu mzima sana. Nilikuwa nimemshukuru mara nyingi kwa kosa alilonibebea. Lakini namshukuru Mungu zaidi kwa ile asubuhi ya mlangoni, kwamba nililibeba mwenyewe wakati yeye bado yuko hai, amesimama karibu nami, na anasikia.