Dalali wa Gari la Viti Vinane

Dalali yule ana mikono laini kama ya mtu asiyewahi kufunua hata sufuria, na kila gari analoliuza hulipigapiga ubavuni kama ng'ombe wa maziwa. "Hili halinywi, linaramba tu. Ukijaza tangi Jumatatu, mpaka Ijumaa umesahau kituo cha mafuta kiko wapi. Moshi wake haufukuzi hata mbu!" Anayasema hayo huku injini inanguruma, maana mbele ya mteja haizimi kamwe. Mnunuzi, baba wa watoto sita, alishaanza kupapasa mfukoni kwenye akiba yake ya miaka minne. Mama yake ndiye aliyegusa boneti, akauondoa mkono upesi. Gari la jirani analijua: moshi kila asubuhi likiwashwa lingali baridi, oili kila wiki, watoto wanakohoa viti vya nyuma.

"Mbona limepashwa moto kabla hatujafika? Zima, nangoja lipoe."

"Bibi yangu, na jua lote hili?"

"Jua nalo unaliuza wewe? Zima!"

Mwanawe akatazama chini kwa aibu. Bibi akaketi kiti cha nyuma kabisa, miguu nje, mpaka boneti ikapoa kama mtungi. Ndipo akashuka. "Haya, washa."

Dalali akacheka kicheko cha kukohoa, akaingia, akapandisha vioo vyote, akatoa leso akaziba pua, kisha akaanza kuutafuta ufunguo.

Bibi akamshika mwanawe mkono. "Twende zetu, baba. Hajawasha, na pua keshaziba."