Chupa Niliyoisuuza

Kwetu Sumbawanga, mama alitulea hivi: humpi mtu chombo bila kukisuuza. Hata kikiwa kisafi, unakimwagia maji kidogo, unakikung'uta, ndipo unampa kwa mikono miwili.

Dada yangu alifundisha kemia sekondari. Likizo ile ya Juni alibakiza jaribio moja tu la shahada yake ya pili. Jumatatu ilikuwa mwisho; asipopeleka sampuli, nafasi yake chuoni inafutwa. Etha, kimiminika cha kuyeyushia dawa zake, iliyobaki ilitosha kujaribu mara moja.

Nilikwenda kumsaidia katika maabara ya shule. Baridi ya Ufipa ilikuwa kavu, inapasua midomo, naye aliufurahia ukavu huo. Alinieleza kwamba magnesiamu ikishikana na kaboni hutoka kitu chenye njaa kali. Kikipata joto hushambulia molekuli kila upande. Kikipozwa, huchagua upande mmoja. Ndiyo maana pale mezani palikuwa na beseni la chumvi na barafu, barafu ya wachuuzi wa samaki wa Kasanga.

"Ila kina wivu kuliko mke mdogo," alisema. "Kikiona tone la maji, kinatususa sote."

Nilicheka, nikatoa daftari kuiandika sentensi ile. Nilikuwa bado naionja mdomoni aliposema, akiwa amenipa mgongo, anakwangua magnesiamu, "Nipe chupa, mdogo wangu."

Chupa hiyo ilikuwa imekaushwa asubuhi nzima kwenye tanuri la jirani yetu mwoka mikate. Bomba lilikuwa karibu. Nikaisuuza, nikaikung'uta, nikaifuta kwa kitambaa safi, nikampa kwa mikono miwili.

Akatia magnesiamu, etha, dawa yenye bromini na punje ya iodini. Rangi ya kahawia ya iodini ilipaswa kufifia, etha ichemke yenyewe bila moto. Akaikumbatia chupa kwa viganja.

"Njoo basi, mama, njoo," aliibembeleza, kama mtoto anayekataa uji.

Kahawia ikabaki kahawia. Nilikwisha kujua.

"Chupa umeifanyaje?"

"Nimeisuuza, dada."

Akatazama bomba, kisha mikono yangu. Nilisubiri anigombeze, angalau ningepata pa kushika.

"Mama kakulea vizuri," alisema.

Tukakaa. Barafu ikawa maji beseni zima. Mwishowe akamwaga kila kitu kwenye mtungi wa taka, akaninyooshea chupa.

"Haya. Sasa isuuze."