Vyombo vya Kuhisi Mambo ya Giza

Shangazi yangu bado hanipi mkono. Akifika kwetu Mpumudde, hapa Jinja, anasalimia kila mtu, hata mbwa, halafu ananipita kama mtu anayeruka mtaro. Sawa. Mimi pia simpendi. Lakini neno lililoleta haya yote lilitoka mdomoni mwangu, na kwenye daftari hili hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo nitaandika lilivyokuwa.

Baba ni askari jela. Nyumbani tunasema Kiswahili kwa sababu mama ni Mteso, baba ni Mgisu, na hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake. Baba akikuita unaitika "Ndiyo, afande," hata kama una ugali mdomoni. Mdogo wake, yaani baba mdogo, ndiye aliyesoma mpaka madarasa yakaisha. Alipata udaktari wa fizikia Ulaya akabaki hukohuko akifanya utafiti. Bibi, anayekaa chini ya mlima kule Wanale, karibu na mji wa Mbale, hajamsamehe huo udaktari. "Daktari gani hana hata sindano?" husema, huku akisugua goti lake.

Likizo ya Aprili, nikiwa kidato cha nne, tulikuwa kwa bibi barua ya baba mdogo ilipofika. Kiingereza kitupu. Kiingereza cha baba ni kile cha gwaride. Akanitupia karatasi.

"Wewe si unasoma? Geuza Kiswahili, watu wasikie."

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiulizwa swali nasimama, sauti inabaki imekaa. Nikajificha nyuma ya ile barua, kamusi ndogo magotini. Baba mdogo alikuwa ameieleza kazi yake kwa sentensi moja. Neno la kwanza kamusi ilinipa "giza". La pili ilinipa maana tano, ya kwanza "jambo", nami nikachukua hiyo ya kwanza kwa sababu baba alikuwa anagongagonga kiatu chini. Jina la vifaa anavyotengeneza halikuwemo kabisa, nikaliunga mwenyewe. Nikasoma:

"Natengeneza vyombo vya kuhisi mambo ya giza."

Shangazi, dada yao, mlokole aliyeokoka mara mbili, akaacha kuchambua maharage.

"Rudia."

Nikarudia.

"Vyombo," akasema. "Vya giza." Akamgeuzia bibi kwa Kigisu, na nilivyomtazama bibi usoni nikajua tafsiri imenenepa njiani.

"Endelea," baba akasema.

Sehemu iliyobaki ilinihusu mimi. Baba mdogo alikuwa amesikia kwamba napenda fizikia. Aliomba niruhusiwe kuichukua kidato cha tano, huko Mbale, nikae kwa bibi. Hilo ndilo jambo pekee nililolitaka duniani, ndiyo maana nikalisoma vibaya, kwa kutetemeka: "Naomba mnipe huyu mtoto afuate njia yangu."

Shangazi akasimama, maharage yakamwagika yote. "Mnasikia? Ameomba mtoto! Hao watu mwisho wao ni kuomba mtoto!"

Bibi akasema kitu kifupi. Shangazi akageuza: "Mama anasema, mwache akanyage hapa, ataona."

Baba aliikunja barua mara nne. "Fizikia imekwisha," akaniambia.

"Ndiyo, afande."

Tuliporudi Jinja, shule ikafunguliwa, nikatoa daftari langu la fizikia la kidato cha kwanza. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe, lilikuwepo lile neno la pili la barua, matter, na maana yake: kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Kitu, si jambo. Neno hilo nililijua kwa Kiingereza tangu zamani, ila halikuwahi kuingia nyumbani kwetu. Kiswahili chetu ni cha kufungua mageti na kuhesabu wafungwa.

Hapo ningesema. Sikusema. Kwanza nilimwogopa baba. Pili, na hili naliandika polepole, siku ile ilikuwa mara ya kwanza watu wazima kuniambia "rudia" kwa sababu ya walichokisikia, si kwa sababu hawakunisikia.

Agosti baba mdogo akaja. Alishuka kwenye boda boda ya baiskeli na begi moja. Baba alimpokea mlangoni, hakumpa kiti.

"Umefika."

"Nimefika, kaka."

"Kesho tunaenda kwa mama. Utajieleza huko." Akavaa kofia yake akaenda zamu.

Mama akanituma Masese nikanunue samaki. Baba mdogo akanifuata, labda kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamtazama machoni. Hata mimi nilitazama viatu vyake.

"Hawa wana nini?" akaniuliza njiani.

"Sijui."

Mwaloni, kando ya ziwa, akanionyesha wavu uliokuwa majini. "Boya likizama ghafla, utasema hakuna samaki kwa sababu hujamwona?"

"Hapana."

"Basi. Nyota zinazunguka kwa kasi isiyo yake, kama zinazovutwa na kitu kizito. Hakitoi mwanga, wala hakizuii mwanga. Sisi tunatengeneza boya."

Boya lake ni pete ya metali ndogo kuliko punje ya ulezi. Wanaipoza kwa baridi ambayo hata kilele cha mlima Masaba hakiijui. Joto, alisema, ni kelele. Metali yenye joto inatetemeka, inajisikia yenyewe tu. Ikipoa kabisa inatulia, na hapo huenda ikasikia mguso mdogo kuliko yote.

"Umesikia nini mpaka sasa?" nikamuuliza.

"Bado. Miaka mitatu. Mara moja tulidhani tumesikia. Kumbe ni lifti ya jengo."

Alicheka, nami nikafungua mdomo nimwambie nilivyoigeuza barua yake. Ndipo mama muuza samaki akasema, "Nyinyi, mnanunua huyu mputa ama mnamhubiria?" Nikanunua. Neno nikalimeza.

Kesho yake Wanale, bibi alikuwa ameketi mlangoni, kiti kimeuziba mlango wote. Shangazi alishika chupa ya mafuta ya kuombea.

"Viko wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Vyombo vya giza. Umeviacha Jinja kwa watoto?"

Baba mdogo akacheka. Hapakuwa mahali pa kucheka. "Nani amewaambia hivyo?"

"Wewe! Barua yako!"

Wote wakanigeukia. Baba mdogo akatamka yale maneno mawili kwa Kiingereza, moja moja. "Uliyageuzaje?"

"Mambo ya giza."

"Na lini ulijua si hivyo?"

"Mei."

"Mnanong'ona nini?" baba akafoka. "Sema kama mtu!"

Na sauti yangu ikasimama. "Mimi ndiye nilikosea! Si mambo, ni kitu! Kitu kizito kisichoonekana! Baba mdogo hana kosa!"

Shangazi akarudi nyuma. "Yesu! Sasa ni kitu kisichoonekana! Kaka anasema jana walikuwa wawili tu huko Masese, leo mtoto anapiga kelele. Tangu azaliwe amepaza sauti lini? Hiyo si sauti yake!" Akanimwagia mafuta kichwani mpaka yakaingia machoni.

Baba mdogo hakunitetea. Alichukua begi lake. "Kukosea si kitu," akaniambia, "mimi nakosea kila wiki. Lakini sisi tulipoijua lifti, tulisema siku ileile. Wewe kosa lako umelifuga tangu Mei." Akateremka kwa miguu kuelekea mjini. Alipopotea kwenye migomba bibi akasogeza kiti, mlango ukabaki wazi.

Kabla ya mtihani zikaja fomu za kuchagua masomo ya kidato cha tano. Baba akaiweka yangu mezani. "Geuza."

Nikageuza moja moja, mpaka kidole chake kikasimama kwenye fizikia.

"Hii si ndiyo ile?"

"Ndiyo ile. Nilikosea kuigeuza. Ni elimu ya vitu vyenye uzito. Kupima, kuvuta, kusukuma."

"Na giza?"

"Giza ni kwamba hakijaonekana bado."

Akanitazama. Sikutazama chini, ingawa shingo ilitaka. "Ile mizani ya stoo ya jela inapunja," akasema. "Ungejua inapunja wapi?"

"Ningejua."

Alisahau kunidai "afande". Akatia sahihi. "Lakini si Mbale. Mama hataki ulale kwake. Utasoma hapahapa."

Nilimwandikia baba mdogo kwa Kiingereza. Sikuomba msamaha kwa maneno mengi. Niliweka tarehe mbili tu, ya siku niliyojua na ya siku niliyosema. Hajajibu. Jumapili shangazi alikuja, akamsalimia mbwa.