Mashua ya Wageni wa Oktoba

Asiya alipofariki, nyumba ya mumewe Yasin ilibaki na sauti ya redio tu. Mwanawe Abu alifanya kazi Mombasa. Alikuja Idi hii, akakosa ile. Lakini kila Oktoba Yasin alipata watu. Walikuwa wageni wa Nairobi na ng'ambo, wapenzi wa ndege na mila, waliofika Matungu kupumzika kwa kusafiri polepole juu ya mto Nzoia. Yasin aliwatandikia mito ya kukalia kwenye mashua, akapiga kasia huku akiwaonyesha mdiria na yangeyange. Mchana waliteremka kwa Navalayo, mjane mfinyanzi aliyeishi peke yake ukingoni, wakamtazama akifinyanga vyungu, wakala obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku.

Yasin na Navalayo walijuana miaka mingi, lakini maneno yao yalikuwa ya kazi.

"Mama Protus, wageni hao."

"Karibuni, Baba Abu."

Basi.

Mwaka wa tisini na saba hakuna mgeni aliyekuja. Mvua ya El Niño ilinyesha kama mbingu imetoboka. Nzoia ilivunja kingo, ikala miwa. Njia ya msikitini ikazama. Yasin akakaa barazani akitazama maji mekundu yakipita na milango ya watu, hata akajikuta akiwasimulia kuku habari za ndege.

Asubuhi moja mvua ilipotulia, alitazama upande wa kwa Navalayo asione moshi. Akafungua mashua. Maji yalikuwa na nguvu, akaambaa ukingoni akishika matawi. Alimkuta mama wa watu amesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, amekumbatia chungu kimoja.

"Uko peke yako?" Yasin aliuliza, ingawa alijua.

"Na nani mwingine?"

Alimkalisha penye mito ya wageni. Navalayo hakuwahi kupanda mashua ile. Walipoanza kuondoka aligeuka, akaitazama nyumba yake, maji yamefika madirishani.

"Baba Abu, wageni wanaionanga hivi? Kutoka huku majini?"

"Hivi hivi."

"Kumbe ni nzuri," akasema, kisha akalia.

Yangeyange alikuwa ametua juu ya paa. Kwa mazoea Yasin alitaka kumwonyesha, lakini akaendelea kupiga kasia.

Alimpeleka kwa shemeji yake Swafia, dada wa marehemu Asiya, ambako maji hayakufika. Tangu hapo kila jioni alipita kuwajulia hali, na chai ikapoa mbele yao wakizungumza habari za Asiya, za marehemu mume wa Navalayo, za watoto walioenda mbali. Kisha Protus akaja kutoka Lumakanda kumchukua mamake, aishi naye kwenye shamba lake la mahindi.

"Wageni wakirudi, uniambie," Navalayo alisema akiwa ameshapanda pikapu.

"Nitakuambia wapi, mama?"

Alicheka, gari likaondoka.

Oktoba iliyofuata wageni walirudi. Mmoja aliuliza nyumba ile iliyoanguka ni ya nani. Yasin akawaeleza habari za vyungu, kirefu, mpaka akasahau kasia na mashua ikaanza kuchukuliwa na maji.

Jioni, alipokwisha kuwateremsha, alipita kwa Swafia.

"Karibu chai, shemeji."

"Nimechelewa," alisema, akikitazama kiti alichokuwa akikalia Navalayo. Akaenda zake nyumbani, ambako hapakuwa na mtu wa kumngoja.