Kibano cha Plau Ziwani

"Huyo? Labda avue kambare kwenye majaruba ya mpunga." Ndivyo walivyosema wavuvi wa Nyashimo, kando ya ziwa, niliporudi kutoka Dar na diploma yangu ya ufundi, nikatangaza kwamba nitavua sangara kwa kipima kina, kifaa kinachoonyesha kwenye kioo kina cha maji na samaki waliomo. Kwetu Bariadi walicheka zaidi, maana sisi ni watu wa pamba na ng'ombe. Hata hivyo baba mdogo, mjomba na shangazi walinikopesha mtamba mmoja mmoja. Nikawauza, nikanunua boti ya mbao, injini na kifaa hicho. Nikishindwa, mazizi matatu ya ukoo yamepungua bure.

Kazi ilikuwa kuchagua mahali pa kufunga sensa, kile kidude kinachotuma sauti hadi chini ya maji. Fundi boti alitaka kuigundisha ndani, sakafuni.

"Haitasoma kupitia mbao," nikamwambia.

"Mzee wa diploma, tujaribu kwanza!"

Tukajaribu. Kioo kikabaki kitupu. Akataka kutoboa sakafu, sensa itokeze chini. Nikakataa, kwa sababu boti zetu tunaziburuta mchangani kila siku, na sensa ingeng'olewa mara moja. Nikaifunga nyuma, karibu na injini. Tukiwa tumesimama ilisoma vizuri. Tukikimbia, mapovu ya pangaboi yalivuruga kila kitu.

Jibu nililipata mwenyewe, shambani Bariadi. Nilikuwa nimeshika plau ya baba mdogo, nikasimama kulegeza kibano kinacholishikilia lile gurudumu linaloamua jembe lizame kiasi gani. Nikalipandisha gurudumu, nikalishusha tena.

"Baba, una kibano kingine kama hiki?"

"Kwani unakwenda kulima ziwa?"

"Ndiyo, baba."

Nilikifunga ubavuni mwa boti, mbali na pangaboi, nikapitisha bomba la chuma lenye sensa mwishoni. Ziwani nalishusha; karibu na mchanga nalipandisha, nakaza. Safari ya kwanza kioo kilinionyesha mwamba unaoporomoka ghafla, na samaki wamejipanga kando yake. Tulirudi boti imelemewa na sangara, maji yakikaribia ukingo. Leo fundi yule yule anawafungia wenzangu vibano hivyo, na hakuna anayeniuliza habari za majaruba.

Kwa pesa ya sangara nilinunua mitamba watatu, nikawaswaga mwenyewe hadi Bariadi, mchana, kupitia katikati ya watu waliocheka, nikawarudishia shangazi na mjomba wa kwao. Wa mwisho nilimfikisha kwa baba mdogo. Akamzunguka, akamshika tumbo.

"Huyu ana mimba."

"Najua, baba. Na wale wengine pia."