Mama wa Kitanda cha Dirishani

Mama wa kitanda cha dirishani alijifungua kwa kupasuliwa kama mimi, ila mwanawe alilazwa chumba cha watoto njiti, na alikuwa amemwona kupitia kioo tu. Akienda msalani alibana mshono kwa kiganja, damu ikimchuruzika mguuni, na bado alituchekesha: "Jamani, siku hizi hata kukohoa ni kwa kujipanga!" Kisha alijikamua maziwa kikombeni ili muuguzi ampelekee mwanawe, na macho yake yakakisindikiza kikombe hadi mlangoni. Jana mwanangu alilia, gauni la mwenzangu likalowa maziwa kifuani. "Shoga, naomba nimpakate kidogo." Nikampa. Alimnusa utosini, akafumba macho, mtoto naye akanyamaza. "Wangu," alisema polepole, "bado sijui ananukiaje."